Mhujaji na Simu Yake: Kutunza Barua Pepe na Salio Tukiwa Ugenini



Ndugu wasomaji, kila mwaka tarehe 3 Juni inapokaribia, mabasi ya mahujaji huvuka mipaka ya Mutukula, Busia na Malaba kuelekea Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Wengine, walio wachache, husafiri hadi Roma, Lourdes au Nchi Takatifu. Katika vikao vya maandalizi tunakumbushana pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na sweta. Simu haizungumzwi, kwa kuwa kila mtu anadhani anaijua. Kumbe ndicho chombo pekee katika begi kinachoweza kutumia fedha chenyewe, mwenye begi akiwa amelala.

Katika somo hili tutaangalia jinsi laini inavyofanya kazi nje ya nchi, kiasi cha data kinacholiwa na barua pepe, na mambo ya kufanya kabla ya kuvuka mpaka. Mwishoni tutasema neno kuhusu fadhila ya busara, kwa sababu fedha za hija mara nyingi si zetu peke yetu.

1. Romingi ni nini?

Laini ya simu ina kwao. Ukivuka mpaka, minara ya kampuni yako inaishia nyuma yako. Simu hutafuta mnara wa kampuni ya huko na, kama kampuni hizo mbili zina mkataba, unapokelewa kama mgeni. Kampuni mwenyeji inakuhudumia, kisha inaidai kampuni yako, nayo inakukata wewe. Huduma hii ndiyo inayoitwa romingi. Bei inapanda kwa sababu wanaogawana fungu sasa ni wawili. Tena, bando ulilonunua nyumbani mara nyingi halifanyi kazi huko, hivyo data hukatwa moja kwa moja kwenye salio. Mwenye laini ya kulipa baada ya matumizi yuko hatarini zaidi, kwani yeye haoni salio likiisha. Anaona ankara mwezi ukiisha.

Hata kupokea simu kunaweza kuwa na gharama. Tumezoea kwamba anayepiga ndiye anayelipa. Katika romingi, anayekupigia hulipa kana kwamba uko nyumbani, na kipande cha njia kutoka nyumbani hadi ulipo unaweza kukilipa wewe. Ili kupunguza mzigo huu, mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa eneo moja la mtandao, mwenye laini ya nchi moja asitozwe kwa kupokea simu akiwa katika nchi nyingine. Lakini makubaliano hayo yalianza na simu za sauti. Asidhani mtu kwamba data imo humo. Aulize kampuni yake kabla ya safari.

Ulaya kuna utaratibu mwingine. Tangu tarehe 15 Juni 2017, mwenye laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya huitumia katika nchi nyingine za Umoja huo kwa bei ya kwao, kwa kiasi cha matumizi ya kawaida ya msafiri. Padre anayesoma Roma akiwa na laini ya Italia anaweza kwenda Lourdes, Ufaransa, au Fátima, Ureno, bila nyongeza. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo akipanda treni kwenda huko inampasa aulize kwanza. Na faida hiyo ni ya laini za Ulaya. Laini ya Tanzania au Kenya ikiwa Roma ni mgeni wa kawaida na hutozwa kama mgeni.

Wanaoishi mpakani nao wanahusika. Mtu aliye Mutukula, Namanga au Sirari anaweza kukuta simu yake imeshika mnara wa ng'ambo, naye hajatoka nyumbani kwake. Dawa yake ni kuingia kwenye Mipangilio, kuzima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, na kuchagua mwenyewe kampuni ya kwake.

2. Barua pepe hula kiasi gani?

Barua pepe ya maneno matupu ni nyepesi sana. Tuseme moja ina kilobaiti 20. Barua hamsini ndipo zifikie megabaiti 1. Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kufika megabaiti 4. Sasa, kwa ajili ya hesabu tu, tuchukue bei ya shilingi 500 kwa megabaiti. Barua ya maneno itakugharimu shilingi 10. Barua yenye picha tatu itakugharimu shilingi 6,000. Programu moja ikijisasisha kwa megabaiti 200, ni shilingi 100,000.

Kwa hesabu hiyo tunaona kwamba maneno hayatufilisi. Kinachomaliza salio ni viambatisho, picha, video, na kazi ambazo simu huzifanya bila kuambiwa: kuvuta barua mpya kila baada ya dakika chache, kupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kusasisha programu, na kupakua kila video iliyotumwa kwenye kundi la kwaya.

3. Kabla ya kuvuka mpaka

Kwanza, zima romingi ya data kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao wa simu. Simu za kawaida na meseji zitaendelea kufika, mradi laini yako iwe na romingi huko uendako. Meseji ni muhimu, kwa kuwa namba za siri za benki hutumwa kwa njia hiyo. Usiiache laini yako nyumbani.

Pili, piga kampuni yako uulize mambo manne: bei ya megabaiti katika nchi uendayo, bei ya kupokea simu, kama kuna bando la romingi, na bando hilo linafanya kazi na kampuni ipi ya huko. Andika majibu kwenye karatasi.

Tatu, tuliza barua pepe. Katika Gmail unaweza kuzima usawazishaji, ili barua zije pale tu unapozifungua. Weka pia simu ikuulize kabla ya kuonyesha picha zilizo ndani ya barua. Kiambatisho usikifungue mpaka upate waifai.

Nne, katika WhatsApp nenda kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Pale pana sehemu tatu za upakuaji wa moja kwa moja: ukiwa na data ya simu, ukiwa na waifai, na ukiwa kwenye romingi. Katika ile ya romingi, ondoa alama zote.

Tano, pakua mapema unavyovihitaji: ramani ya mji, tiketi, anwani ya nyumba mtakayofikia, ratiba ya ibada.

Sita, kama mtakaa siku nyingi, fikirieni laini ya huko huko. Mgeni huisajili kwa pasipoti. Simu ya laini mbili itabeba ya nyumbani kwa meseji na ya ugenini kwa data. WhatsApp huendelea na namba yako ya zamani usipoibadilisha wewe mwenyewe. Kundi la watu thelathini si lazima linunue laini thelathini. Simu mbili tatu zenye bando zinaweza kuwagawia wenzao intaneti jioni.

Waifai ya bure kwenye kiwanja cha ndege au hotelini inasaidia kusoma barua. Lakini kwa mambo ya benki na fedha za simu, ni salama zaidi kusubiri mtandao unaouamini.

4. Busara ya msafiri

Mtakatifu Thomas wa Akwino anaiweka busara kuwa fadhila inayoelekeza matendo, na kati ya sehemu zake anataja kuona mbele, kuzingatia mazingira na tahadhari. Hapa zote tatu zina kazi. Kuona mbele ni kuuliza bei mapema. Kuzingatia mazingira ni kutambua kwamba jambo lile lile, kufungua picha, lina bei moja Masaka na nyingine Bukoba. Tahadhari ni kuzima kinachojiendesha chenyewe.

Aristotle naye anafundisha kwamba tendo la kutojua halihesabiwi kama la hiari, lakini asiyejua kwa uzembe, hali aliweza kujua, anastahili lawama. Simu inapotumia salio usiku hatukuiamuru. Hata hivyo, swichi ilikuwa mkononi mwetu tangu asubuhi.

Na tukumbuke fedha hizo zinatoka wapi. Frateri anayetumwa na jimbo, au mwakilishi wa jumuiya anayekwenda kuwaombea wenzake Namugongo, amebeba michango ya watu waliouza kuku na ndizi. Tena nyumbani kuna mama anayesubiri kusikia kwamba basi limefika salama. Salio lililoliwa na video ya kundi ndilo lile lile ambalo lingempigia simu. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anamtaja mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Sisi tuketi tuhesabu kabla ya kupanda basi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kundi letu la hija, nani atapewa jukumu la kuuliza bei za romingi, na lini?
2. Ni habari zipi za nyumbani haziwezi kusubiri waifai ya jioni? Zipi zinaweza?
3. Tukirudi, tutawaelezaje waliotuchangia jinsi fedha zao zilivyotumika?