Binti Aliyeruka kwa Upondo

Mtu akisimama pwani ya Ujiji wakati wa asubuhi ataona mitumbwi ikirudi nchi kavu. Kule kwenye maji marefu mvuvi hupiga kafi, kwa maana Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipozidi, wala hakuna mti uwezao kufika chini yake. Lakini akikaribia mchanga huweka kafi, akashika upondo, akauchoma chini na kuusukuma kwa nguvu. Ndipo chombo kiendapo mbele. Kila mwana wa pwani ajua jambo hili: upondo haumsaidii mtu mpaka ncha yake iguse chini.

Katika nchi nyingine mti mrefu kama huo ulipewa kazi nyingine. Huko Uholanzi, nchi yenye mifereji mingi, watu waliuchomeka katikati ya mfereji, wakajirusha nao hata ng'ambo ya pili. Baadaye ulizuka mchezo wa kushindana uitwao kuruka kwa upondo, ambao warukaji wake hawatafuti ng'ambo, bali kimo. Wanaume waliushindania katika michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896. Wanawake hawakupewa nafasi hiyo hata mwaka 2000, yaani baada ya miaka 104.

Mchezo wenyewe ni hivi. Ufito hulazwa juu ya nguzo mbili ndefu. Mrukaji hushika upondo wake, hukimbia kwa kasi, kisha huichoma ncha katika kisanduku kilichofukiwa ardhini mbele ya nguzo. Upondo hupindika kama upinde, nao unaponyoka humrusha juu, miguu ikitangulia, naye hupita juu ya ufito na kuanguka katika godoro nene. Hivyo kasi ya mbio zake hugeuka kuwa kimo. Ufito ukianguka, amekosa. Akikosa mara tatu mfululizo, hutolewa. Wavukao huinuliwa ufito tena. Kwa hiyo mara nyingi hata mshindi humaliza siku yake kwa kuuangusha. Tofauti yake na wenzake ni kwamba yeye ameuangusha ukiwa juu zaidi.

Yelena Isinbayeva alizaliwa tarehe 3 Juni 1982 katika mji wa Volgograd, nchi ya Urusi, kando ya Volga, mto ulio mrefu kuliko yote ya Ulaya. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba. Alipokuwa na umri wa miaka 5 alitiwa katika shule ya michezo ya viungo, akafundishwa kupinduka, kuning'inia na kujirusha. Akajifunza miaka 10. Lakini alirefuka mno, hata mchezo ule haukumfaa tena. Mwingine angalikata tamaa. Yeye alikwenda kwa Yevgeny Trofimov, mwalimu wa kuruka kwa upondo. Na urefu ule ule uliomtoa katika mchezo wa kwanza ukamfaa katika mchezo wa pili. Mwaka 1998, akiwa na miaka 16, alishinda michezo ya vijana wa ulimwengu mjini Moscow kwa kuruka mita 4.00.

Mwaka 2000 alikwenda Sydney, nchi ya Australia, kwenye Olimpiki ile ya kwanza iliyowakubali wanawake warukao kwa upondo. Stacy Dragila wa Marekani alishinda kwa mita 4.60. Yelena hakuvuka hata kimo kimoja, akatolewa siku ya mchujo. Akarudi kwao, akashika mazoezi tena. Mwaka 2003, mjini Gateshead, Uingereza, aliruka mita 4.82, kimo ambacho hakuna mwanamke aliyekuwa amekifikia.

Agosti 2004 Olimpiki ilifanywa Athens. Svetlana Feofanova, Mrusi mwenzake, alikuwa amekwisha kuvuka mita 4.75. Yelena alikosa mara moja kwenye mita 4.70, akakosa tena kwenye 4.75. Akakiacha kimo hicho, akangoja 4.80, naye amebakiwa na jaribio moja tu. Akavuka. Akavuka na 4.85, kisha 4.91, akapata nishani ya dhahabu na rekodi ya ulimwengu. Tarehe 22 Julai 2005, mjini London, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka mita 5.00, ambazo ni karibu na kimo cha twiga. Mwaka 2008, mjini Beijing, alipata dhahabu ya pili ya Olimpiki kwa mita 5.05.

Basi watu wakadhani kwamba hawezi kushindwa. Agosti 2009, katika mashindano ya ulimwengu mjini Berlin, aliviacha vimo vya chini, akaanza na mita 4.75. Akakosa. Akapanda hadi 4.80, akakosa mara mbili. Mwenye rekodi akatoka bila kimo chochote, na Anna Rogowska wa Poland akashinda kwa mita 4.75 zile zile. Siku 11 baadaye, mjini Zürich, Yelena aliruka mita 5.06. Hata mwaka 2024 ulipokwisha, hapakuwa na mwanamke aliyevuka kimo hicho.

Baadaye alipata nishani ya shaba London mwaka 2012, na dhahabu katika mashindano ya ulimwengu mjini Moscow mwaka 2013. Mwaka 2016 hakuruhusiwa kushindana katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, kwa kuwa chama cha riadha cha Urusi kilikuwa kimefungiwa kwa ajili ya dawa zilizokatazwa, ingawa yeye mwenyewe hakuonekana na kosa hilo. Mwaka huo akaacha mashindano, akiwa ameweka rekodi za ulimwengu 28.

Tanzania nayo ina binti wa kukumbukwa. Mwaka 1965 Theresia Dismas alitupa mkuki katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville, akapata nishani ya fedha. Mji huo u kando ya mto Kongo, na maji yatokayo Ziwa Tanganyika kwa mto Lukuga huishia katika mto huo na kupita mbele yake. Hivyo mwanamke wa nchi hii alikwisha kupata sifa uwanjani miaka 35 kabla upondo haujaruhusiwa kwa wanawake wa Olimpiki.

Sifa ya Yelena haikutoka katika kutoshindwa. Alishindwa Sydney kabla ya kujulikana, akashindwa Berlin baada ya kusifiwa. Na kushindwa kwa pili huwa kuchungu zaidi, maana watu wote hutazama. Mara zote mbili aliuokota upondo wake, akarudi mahali pa kuanzia mbio.

Maswali

1. Kwa nini upondo haufai katikati ya Ziwa Tanganyika?
2. Urefu wa Yelena ulimdhuru katika nini, na ulimfaa katika nini?
3. Eleza jinsi mbio za mrukaji zinavyogeuka kuwa kimo.
4. Je, ni vigumu zaidi kushindwa kabla ya kusifiwa, au baada yake? Toa sababu zako.