SOMO: KUTU YAANZA NDANI YA SHASI

Mafungu ya kusoma: Mathayo 23:25-28, Luka 19:1-10.

Wengi mmetuuliza kwa nini Land Rover ya zamani ya kanisa inalala uani juu ya magogo, bila bodi, kama mifupa ya ng'ombe, na kwa nini sadaka ya mavuno imekwenda katika vyuma. Sisi mashemasi tunawiwa jibu, tena jibu lenyewe ni somo.

Kwanza tuungame. Mbele ya kongamano tulichanga feza, tukanunua rangi ya bluu na mastiki, motokari ikang'aa. Ilikuwa imekwisha kutuonya: mlango wa kushoto ulikataa kufunga. Tukalaumu bawaba. Siku ya mvua, katika mlima juu ya Sake, shasi ikakatika upande wa nyuma. Ndani alikuwemo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Vijana walimbeba kwa tipoi katika matope mpaka kituo cha afya. Mungu alimhifadhi yeye na mtoto, lakini sisi hatukuwa na neno la kumwambia mume wake.

Motokari ya namna hii ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, mwaka 1948. Baada ya vita kuu ya pili chuma kilikuwa haba Uingereza, lakini alumini ya kutengenezea ndege ilikuwako. Basi bodi ikafanywa ya alumini, ambayo haishiki kutu nyekundu. Shasi, yaani mifupa inayobeba vyote, ni ya chuma: vipande bapa vinne vimechomelewa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Humo matope ya Masisi na mvua ya Walikale vinaingia, vinakaa, na chuma kinaliwa toka ndani. Nje unaona bluu tu. (Tena ni ajabu: kasiterite ya Bisie, kule Walikale, hutoa madini yanayopakwa juu ya chuma cha mikebe ili kisishike kutu. Dawa inatoka kwetu!)

Fundi hakuanza na rangi. Aliondoa kwanza tanki ya petroli, maana moto wa kuchomelea hauheshimu mali ya kanisa. Halafu viti, bodi, motere. Buloni za kila sehemu katika mkebe wake wenye namba. Ndipo akagonga shasi kwa nyundo, polepole, toka mbele hata nyuma. Penye uzima chuma kinalia kama kengele. Palipooza sauti inakufa. Sisi tulijua mahali patatu pabovu. Yeye alituonyesha tisa zaidi.

Tulimwomba akate kidogo, kwa kuwa feza ilikuwa imepungua. Akakataa. "Wazee, chuma kipya hakishikamani na kutu." Alikata mpaka akafikia chuma kizima, kinachong'aa. Mbele ya kuchomelea alipima kwa kamba toka pembe hata pembe, kwa njia ya msalaba. Urefu wa pande zote mbili ulipokuwa sawa, tukajua shasi imenyooka. Kisha akatoboa matundu chini ili maji yasilale tena ndani, akamwaga humo mafuta ya motere yaliyokwisha kutumika. Mahali alumini inapokutana na chuma ataweka mpira, kwa sababu vikigusana katika maji, alumini nayo inaliwa.

Sasa tutazame kanisa. Tunajua yaliyoanzia Ntoto, katika Walikale, Machi 1993, yakaenea mpaka Masisi. Tulipokusanyika tena tulifanya nini? Tulitengeneza kwaya moja ya makabila yote, sare moja. Iliimba vizuri, hatukatai. Lakini hakuna aliyeuliza ni shamba la nani linalimwa na nani. Na milango ilikuwa inakataa kufunga: hawa hawali nyumbani kwa wale, kwenye msiba wa hawa, wale wanatuma salamu tu. Tukamlaumu Shetani, kama tulivyolaumu bawaba.

Wakati shasi ikiwa uani, mmoja wetu, shemasi, alisimama barazani akasema kwamba tangu miaka mingi analima shamba la ndugu aliyekimbia. Hakulazimishwa na mtu. Zakayo naye hakusema tu kwamba anasikitika, alitaja hesabu. Shamba lilirudishwa baada ya mavuno ya maharagwe, mipaka ikapimwa kwa kamba mbele ya wazee wa pande mbili. Mwenye shamba bado hajarudi kwaya. Hatumharakishi.

Maulizo kwa vikundi vya sala:

Katika nyumba yako, ni mlango gani unakataa kufunga, nawe umelaumu nini?

Je, kuna kitu mkononi mwako ambacho mwenyewe yu hai? Kitaje kwa jina na kwa hesabu, kwanza mbele ya Mungu, halafu mbele ya mwenyewe.

Na wale wanaouliza siku ya rangi: mafundi bado wako chini ya motokari. Anayeweza kuleta brosi ya nyuzi za chuma aje Jumamosi asubuhi.