Laptopu zisizo na feni: soma wati kabla ya kusoma jina

LAPTOPU nyembamba isiyo na feni husifiwa dukani kwa mambo matatu: ni nyepesi, haipigi kelele, na chaji yake hukaa. Sifa zote tatu ni za kweli. Hata hivyo, mfanyabiashara anayenunua mzigo kwa kuangalia stika peke yake anaweza kujikuta na mashine mbili zenye jina moja na bei moja, lakini nguvu tofauti kabisa. Moja itatoka siku hiyo hiyo. Nyingine itarudishwa na mteja baada ya wiki, au itakaa kwenye kabati na kufunga mtaji.

Kosa hilo linaweza kuepukwa. Mnunuzi anahitaji kujua namba chache tu, na ya kwanza ni wati.

JOTO NDILO MPANGAJI

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa hugeuka joto. Mtengenezaji hutaja kiasi hicho kwa wati ili anayeunda mashine ajue ni joto kiasi gani linapaswa kutolewa nje. Prosesa za kawaida za laptopu nyepesi zilipangwa kwa muda mrefu kwenye wati 15, na hizo huhitaji feni. Zile za mashine zisizo na feni huwa kati ya wati 4 na 7 hivi. Hapo bodi yenyewe, hasa ikiwa ya alumini, ndiyo hufanya kazi ya kupooza.

Prosesa ya namna hii hukimbia sana kwa muda mfupi, kisha bodi ikishapata moto hupunguza mwendo ili isiungue. Kwa barua, hesabu za duka na kusoma habari, mteja hataona tofauti. Kwa kuhariri video kwa nusu saa ataiona.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Joto huhama kutoka kwenye bodi kwenda hewani kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya viwili hivyo. Chukua mfano wa bodi inayoruhusiwa kufika nyuzi 45. Katika ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 22, tofauti ni nyuzi 23. Katika duka la Kariakoo mchana, hewa ikiwa nyuzi 32, tofauti ni 13 tu. Uwezo wa kupooza umeshuka kwa zaidi ya theluthi. Mashine iliyosifiwa kwenye nchi za baridi haitatoa nguvu ile ile Dar es Salaam au Mombasa.

Kwa upande mwingine, mashine isiyo na feni haivuti vumbi ndani. Feni iliyoziba kwa vumbi ni jambo la kawaida kwa mafundi, na hapa haipo.

JINA MOJA, MASHINE MBILI

Kampuni ya Intel ilitoa Core M mwaka 2014, prosesa ya wati 4.5 iliyokusudiwa mashine zisizo na feni. Mwaka 2015 Apple iliiweka kwenye MacBook ya inchi 12, yenye unene wa milimita 13.1 na uzito wa kilo 0.92. Mwaka huo huo Intel iligawa familia hiyo kuwa m3, m5 na m7, na mnunuzi aliweza kuzitambua kwa herufi ndogo m.

Mwaka 2016 mambo yalibadilika. Jina m3 lilibaki, lakini zilizokuwa m5 na m7 zilipewa majina ya Core i5 na Core i7, sawa na prosesa kubwa zenye feni. Tangu hapo kilichobaki cha kuzitofautisha ni herufi iliyo ndani ya namba: Y kwa zile za wati chache, U kwa zile za wati 15.

Mfano ulio wazi ni Core i5-7Y54 na Core i5-7200U. Zote ni za kizazi cha 7 na zote zina viini 2. Ya kwanza ina mwendo wa msingi wa gigahezi 1.2 na hupanda hadi 3.2. Ya pili ina msingi wa 2.5 na hupanda hadi 3.1. Anayesoma namba ya juu peke yake atadhani ile ya Y ndiyo yenye nguvu zaidi. Lakini namba ya juu ni mbio za muda mfupi. Kazi ikiwa ndefu, namba ya msingi ndiyo inayosema kweli, na hapo ile ya U inazidi maradufu.

MAKUNDI MANNE SOKONI

Mnunuzi wa leo, wa mpya au wa mitumba, atakutana na makundi makuu manne:

1. Intel za herufi Y. Mfano ni m3-7Y30 ya mwaka 2016, wati 4.5, viini 2, gigahezi 1.0 hadi 2.6, na i5-8200Y ya mwaka 2018, wati 5, viini 2, gigahezi 1.3 hadi 3.9. Hupatikana kwenye mashine zilizokuwa za bei kubwa zikiwa mpya, kwa hiyo bodi na kioo huwa vizuri kuliko prosesa.

2. Intel za bei nafuu. Celeron N4000 ina wati 6, viini 2, gigahezi 1.1 hadi 2.6. Intel N100 ya mwaka 2023 ina wati 6 pia, lakini viini 4 na mwendo wa hadi 3.4. Wati ni zile zile, kazi ni nyingi zaidi. Kati ya hizi mbili, N4000 inunuliwe tu kama bei imeshuka kweli kweli.

3. Apple M1 na zilizofuata. M1 ilitoka Novemba 2020 ikiwa na viini 8, 4 vya nguvu na 4 vya kubana matumizi ya umeme. Apple iliiweka kwenye MacBook Air isiyo na feni na kwenye MacBook Pro ya inchi 13 yenye feni. Prosesa ni ile ile. Tofauti hujitokeza kwenye kazi ndefu, ambapo ile yenye feni haipungui mwendo mapema. Mnunuzi akumbuke kuwa RAM yake haiongezwi baadaye. Iliyonunuliwa na gigabaiti 8 itabaki na 8.

4. Snapdragon za Qualcomm zinazoendesha Windows. Lenovo ThinkPad X13s ya mwaka 2022 ni mojawapo isiyo na feni. Hizi hubana chaji vizuri, lakini zina lugha yao. Windows 11 huzitafsiria programu nyingi zilizoandikwa kwa Intel, ila draiva za vifaa hazitafsiriwi. Mwenye duka mwenye printa ya risiti ahakikishe kwanza kwamba ipo draiva iliyotengenezwa kwa mashine za aina hiyo.

TAREHE INAYOSHUSHA BEI

Hasara kubwa kwa wauzaji wa mitumba haitokani na joto bali na kalenda. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache za kabla ya hapo. Core M zote za 2014, m3-7Y30 na i5-7Y54 zimeachwa nje. Celeron N4000 na i5-8200Y zimo.

Maana yake kibiashara ni hii: mashine nzuri ya alumini yenye m3-7Y30 inaweza kuwa bidhaa ngumu kuliko ya plastiki yenye N4000, ingawa ya kwanza ilikuwa ghali zaidi ilipotoka kiwandani. Anayeagiza mzigo wa Dubai bila kuuliza namba kamili ya prosesa anaweza kupewa kizazi cha 7 kwa bei ya kizazi cha 8.

KABLA YA KULIPA

Kwanza, muuzaji atakiwe kuwasha mashine na kufungua ukurasa wa mfumo, ambapo jina kamili la prosesa huonekana. Stika ya nje haitoshi.

Pili, mashine ipewe kazi nzito kwa dakika 20, kama kubana faili refu la video, huku mwendo ukitazamwa kwenye Task Manager. Mwendo utaanza juu na kushuka. Hilo ni la kawaida. Kinachotafutwa ni mahali unapotulia. Mashine kumi za aina moja zikijaribiwa na moja ikatulia chini sana kuliko wenzake, hiyo ina kasoro na iwekwe kando.

Tatu, RAM na diski ziangaliwe siku hiyo hiyo. Kwenye mashine nyembamba RAM mara nyingi huwa imechomelewa, na gigabaiti 4 ni chache kwa kazi za sasa.

Nne, namba kamili iandikwe kwenye daftari la mzigo, na herufi yake, pamoja na bei ya kununulia. Mteja akiuliza kwa nini Core i5 hii ni rahisi kuliko ile, muuzaji awe na jibu la kweli la kumpa. Mali bila daftari hupotea bila habari.