Fahamu Mji Wako: Ngazi za Leven

Ukishuka Mji wa Kale kuelekea maji ya Bandari ya Kale, Mombasa, utazikuta Ngazi za Leven mbele ya nyumba yenye jina hilo hilo. Wengi hudhani Leven alikuwa mtu. La, ilikuwa meli ya kivita ya Uingereza, chini ya Kapteni William Owen aliyekuwa akipima pwani ya Afrika kwa ajili ya ramani.

Owen alifika Mombasa Februari 1824. Wakati huo Wamazrui ndio waliotawala mji kutoka Fort Jesus, nao walihofia kushambuliwa na Seyyid Said wa Omani. Waliomba ulinzi wa Uingereza, na Owen akakubali bila kungoja idhini ya London. Akamwacha Luteni John James Reitz kuwa msimamizi, lakini Reitz akafariki mwaka huo huo. Mkazi wa Changamwe anayetaja Port Reitz kila siku anataja jina lake, pengine bila kujua.

Aliyefuata, Luteni James Emery, ndiye aliyejenga ngazi hizi kati ya 1824 na 1826. Chini, karibu na bahari, palikuwa na kisima cha maji matamu, na kwa mabaharia hilo si jambo dogo.

Mwaka 1826 London, ambayo haikutaka kumuudhi Seyyid Said, iliwaondoa watu wake. Wamazrui waliachwa peke yao, na mwaka 1837 Said akaitwaa Fort Jesus. Ukipima mapatano yale, ni vigumu kuona walichofaidi wenyeji walioyaomba.

Sasa tuje kwa wanaoishi humu. Majengo ya kale ya Mji wa Kale ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na wengi wetu tukiona ufa hukimbilia simiti. Simiti ni ngumu na haipitishi hewa. Unyevu na chumvi ya bahari hunaswa nyuma yake, na jiwe huanza kubabuka kwa ndani huku ukuta ukionekana mzima. Tumia chokaa. Kumbuka pia kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi kisheria: kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha mlango, pita kwanza katika ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa iliyo papo hapo mtaani, ukiwa na mchoro wa kazi unayokusudia.