Mnyororo na Cheche: Wakati wa Injini ya Lori

Wako madereva wengi wajuao kuendesha lori vyema, bali ni wachache wajuao kwa nini injini iliyokuwa na nguvu mwaka jana leo yashindwa kupanda kutoka Naivasha kwenda Limuru na mzigo ule ule. Huenda injini hiyo imepoteza wakati wake. Hapa twaeleza habari za malori ya petroli ya zamani. Maana malori mengi ya siku hizi hutumia dizeli, nayo hayana plagi za cheche.

Injini ya namna ile aliyoitengeneza Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876 ina kazi nne: huvuta hewa na petroli, huvishindilia, huvichoma, kisha hutoa moshi. Katika kazi hizo nne krankishafti huzunguka mara mbili, na kamshafti, ifunguayo vali, mara moja tu. Mnyororo ndio uziunganishao. Kwa hiyo gurudumu la kamshafti lina meno mara mbili ya lile la krankishafti.

Sasa tazama cheche. Petroli haiwaki yote mara moja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwashwa mara 25 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo cheche hutolewa kabla kidogo pistoni haijafika juu, ili nguvu ya moto iikute ikianza kushuka. Cheche ikiwahi mno, moto huikandamiza pistoni ingali inapanda. Injini hugonga, na pistoni yaweza kutoboka. Ikichelewa, joto hutoka bure kwa ekzosi, nguvu hupungua, na petroli huliwa sana.

Katika injini nyingi kamshafti huendesha distribyuta pia. Mnyororo ukichakaa na kulegea, vali na cheche huchelewa pamoja. Fundi asiye mwangalifu huzungusha distribyuta mpaka cheche irudi mahali pake, akasema kazi imekwisha. Kumbe vali zingali zinachelewa. Tena mnyororo ukiruka meno, katika injini nyingine pistoni huzigonga vali na kuzipinda, na lori husimama mlimani na mzigo wake.

Basi yafaa kuupima mnyororo kwanza. Zima injini, ondoa waya wa betri, fungua kifuniko cha distribyuta. Zungusha krankishafti kwa mkono upande mmoja, kisha uirudishe polepole huku ukiitazama rota. Krankishafti ikisogea sana kabla rota haijaifuata, yaelekea mnyororo umelegea. Utiapo mpya, linganisha alama za magurudumu yote mawili kama kitabu cha injini kiagizavyo. Ndipo upange cheche.

Bei ya mnyororo ni ndogo kuliko ya injini nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.