Dondoo muhimu: Fani mbili kwa mpigo?

Vyuo vingi vya Marekani humruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kusomea fani kuu mbili. Kabla hujajaza fomu:

• Piga hesabu ya krediti. Shahada kwa kawaida huhitaji takribani 120. Chora jedwali la mihula 8, panga kila kozi ya lazima, uone kama zote zinaenea.

• Tafuta masomo yanayoingiliana. Uchumi na hisabati hugawana takwimu na aljebra. Uhandisi na muziki havigawani karibu chochote.

• Ulizia cheti. Fani mbili kwa kawaida huzaa shahada moja. Shahada mbili ni mpango mwingine, wenye krediti nyingi zaidi.

• Angalia mfuko. Muhula wa 9 nao una karo, pango na chakula, na ufadhili mwingi hukoma mwaka wa 4.

• Jiulize sababu. Kama shida yako ni ujuzi wa kompyuta tu, fani ndogo ya kozi tano au sita yatosha.

Mshika mawili moja humponyoka, ila mizigo inayofungika pamoja hubebeka.