MUCHEZAJI WA INCHI MBILI: ATACHAGUA EKIPE GANI?



Kila mara Léopards wanapocheza, kuko mabishano katika shule yetu. Wamoja wanasema: mutoto wa Congo anayechezea Ufaransa ao Ubelgiji ni musaliti. Wengine wanajibu: hapana, kila mutu atafute maisha yake. Sisi wa mwaka wa sita tumeona kwamba pande zote mbili zinapiga kelele bila kujua sheria. Ndiyo maana tumetengeneza somo hili. Tunaomba kila mutu alisome mbele ya kuhukumu, kwa sababu maneno haya hayaishi kwenye mupira tu.

1. Sheria inasema nini?

Mutu hachagui ekipe ya taifa kama anavyochagua shati sokoni. FIFA inauliza kwanza uraia: muchezaji anapashwa kuwa raia wa ile inchi. Watoto wengi wa Wakongomani waliozaliwa Ulaya wako na njia mbili: inchi walimozaliwa, na inchi ya wazazi wao.

Kisha kuko ulizo la wakati. Mwaka wa 2004, FIFA iliruhusu kijana aliyechezea ekipe ya vijana ya inchi moja abadilishe mara moja tu, lakini mbele ya kufikisha miaka 21, na kama hajacheza mechi rasmi katika ekipe kubwa. Mwaka wa 2009, ule mupaka wa miaka 21 uliondolewa. Mwaka wa 2020, mulango ulifunguliwa tena kidogo: hata yule aliyekwisha kucheza katika ekipe kubwa anaweza kubadilisha, kama hakupita mechi 3, kama alizicheza mbele ya miaka 21, kama miaka 3 imepita tangu ile ya mwisho, na kama hakucheza katika Kombe la Dunia lenyewe ao kombe la bara lake. Zaidi ya hayo, kwa kawaida anapashwa kuwa alikuwa na uraia wa inchi ya pili tangu siku alipocheza mechi rasmi ya kwanza.

Mechi za urafiki peke yake hazimufungi mutu. Diego Costa alichezea Brazil mechi 2 za urafiki mwaka wa 2013, na mwaka wa 2014 alikuwa katika Kombe la Dunia pamoja na Hispania.

Sasa tuangalie sheria ya kwetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Congo ni mumoja, na mutu hawezi kuushika pamoja na uraia mwingine. Lakini vijana wengi waliozaliwa na kukomaa Ulaya waliitwa katika Léopards, walicheza, na sisi tuliwapigia makofi. Hapa kuko fundo. Yule anayesema «huyu si Mukongomani kamili» wakati wa kushindwa, asisahau kwamba alimuita «mutoto wetu» wakati wa goli.

2. Mifano

Nyumba moja, ekipe mbili. Steve Mandanda alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1985, akakomaa Ufaransa. Alikuwa mulinda goli wa Ufaransa, na alikuwa katika kundi lililobeba Kombe la Dunia mwaka wa 2018. Mudogo wake Parfait, naye muzaliwa wa Kinshasa na mulinda goli vilevile, alichezea Congo. Mama mumoja, baba mumoja. Ni nani kati yao aliyesaliti nyumba? Sisi hatumuoni.

Watoto na baba zao. Roger Lukaku alichezea Zaïre. Mwana wake Romelu alizaliwa Antwerpen mwaka wa 1993, akawa mufungaji mukubwa wa magoli kupita wote katika historia ya ekipe ya Ubelgiji. Vincent Kompany alizaliwa Bruxelles mwaka wa 1986, akawa kapiteni wa Ubelgiji. Lakini baba yake, Pierre Kompany, ni muzaliwa wa Bukavu, aliyekimbia utawala wa Mobutu na kufika Ubelgiji mwaka wa 1975. Kama baba alifukuzwa na mateso ya inchi, je, tunaweza kumudai mwana deni?

Waliorudi. Cédric Bakambu na Gaël Kakuta, wote wawili wazaliwa wa Ufaransa mwaka wa 1991, walishinda Kombe la Ulaya la vijana wa chini ya miaka 19 pamoja na Ufaransa, mwaka wa 2010. Nyuma yake wote wawili walikuja kwa Léopards. Bakambu alikuja mwaka wa 2015, wakati alikuwa amekwisha kupita miaka 21. Angalieni vizuri: kama sheria ya 2004 ingalibaki, mulango ungalikuwa umefungwa. Moyo wake ungalikuwa uleule, lakini tusingalimuona kamwe.

Aliyechelewa. Aaron Wan-Bissaka alizaliwa London mwaka wa 1997. Mwaka wa 2015 alicheza mechi moja na vijana wa Congo. Kisha akachezea vijana wa Uingereza. Mwaka wa 2019 ekipe kubwa ya Uingereza ilimuita, lakini aliumia na hakucheza. Mwaka wa 2025 FIFA ilikubali ombi lake, akavaa nguo ya Congo. Wamoja kati yetu wanasema: amekuja kwa sababu kule hawakumutaka. Sisi tunajibu: moyo wa mutu hatuwezi kuuona, kazi yake uwanjani tunaweza kuiona. Tumupime kwa hiyo.

3. Kijana apime nini?

Kwanza, nafasi. Ufaransa iko na wachezaji wengi sana. Kijana anaweza kungojea miaka kumi, mwisho asiitwe hata siku moja.

Pili, wakati. Katika mupira, siku ya kusema «ndiyo» haikawii kupita. Mechi chache tu zinaweza kumufunga mutu maisha yote. Kwa hiyo asisukumwe na mutu, hata mujomba wake, hata mutu wa kutafutia wachezaji kazi.

Tatu, malezi. Mutu anapenda pahali palipomupatia lugha, shule na rafiki. Hiyo si zambi.

Ine, ahadi ya inchi inayoita. Hapa tuseme wazi. Mwaka wa 1974 Zaïre ilikwenda Kombe la Dunia, ya kwanza katika Afrika ya kusini ya Sahara. Tarehe 18 Juni ilifungwa na Yugoslavia 9 kwa 0. Nyuma, wachezaji walisimulia kwamba hawakupewa malipo waliyoahidiwa, na moyo wa kucheza uliisha. Basi uchaguzi una pande mbili. Muchezaji anachagua inchi, lakini inchi nayo inapashwa kushika neno lake: tikiti ya ndege, munganga, malipo, heshima. Inchi isiyoshika ahadi haina haki ya kulia kwamba watoto wake wameenda kwingine.

Na wale wanaokuja wanaweza kubeba muzigo wetu kabisa. Tarehe 7 Februari 2024, ku Abidjan, mbele ya mechi na Côte d'Ivoire, Léopards walifunika kinywa kwa mukono mumoja, na vidole vya mukono mwingine waliviweka kichwani kama bunduki. Walitaka dunia ijue kwamba watu wa Mashariki ya Congo wanauawa na wengi wananyamaza. Katika kundi lile kulikuwa wazaliwa wa Ulaya. Walishindwa 1 kwa 0, lakini hapa kwetu, ni nani aliyewauliza siku ile walizaliwa wapi?

4. Somo letu sisi wenyewe

Katika madarasa yetu kuko wenzetu waliozaliwa Uganda, Burundi ao Tanzania, kwa sababu wazazi wao walikimbia vita. Tumesikia wakiulizwa kwa muchezo: «Wewe uko wa wapi kabisa?» Ule si muchezo. Hakuna mutoto aliyechagua kitanda cha kuzaliwa. Neno «musaliti» tunalolitupa kwa muchezaji wa mbali, kesho linamuangukia rafiki anayekaa kwenye banki moja na sisi. Kwa hiyo tunaomba liishe katika shule hii, uwanjani na darasani.

Maulizo ya kuzungumza katika vikundi

1. Sheria ya 2004 na ile ya 2009 zinatofautiana namna gani? Toeni mufano wa muchezaji mumoja.
2. Kijana wa miaka 18 ameitwa na inchi mbili juma moja. Mutamushauri nini, na kwa sababu gani?
3. Kifungu cha 10 cha Katiba kibaki vile ao kigeuzwe? Kila kikundi kitoe sababu mbili za kila upande.
4. Sisi tunapashwa kufanya nini ili mwenzetu aliyezaliwa inje ajisikie nyumbani?

Kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa sita,
Kapita wa shule